Hayawahusu na Mstari wa Afande

Rozalia alimwita mbwa wake Hayawahusu, na alihakikisha jina hilo linasikika mpaka nyumba za mwisho. Ndivyo walivyo watu wa Nambambo: mwenye neno na jirani zake haendi kugombana kisimani, neno lake humpa mbwa. Ukipita jioni utasikia Tutaonana akiitwa kula, Mtachoka akifukuzwa jikoni. Anayerushiwa neno hujifanya hakusikia, maana hakuna aliyewahi kwenda kwa balozi kumshitaki mtu kwa kosa la kumwita mbwa wake.

Jina la Hayawahusu lilianza mwaka ule Alfred, mumewe, alipokwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito. Alisema angerudi kabla ya mavuno. Mbaazi zikapurwa, korosho zikaokotwa, Alfred hakuonekana. Kisha ikafika habari kwamba huko ana nyumba, na ndani ya nyumba mna mwanamke. Wanawake wakaanza kupita uani kwa Rozalia kuomba kaa la moto, ilhali moto wanao kwao, na kila mmoja akauliza kwa sauti ya msibani, "Baba Jenifa hajambo huko? Hajatuma salamu?"

Alipochoka kujibu, Rozalia alikwenda misheni akaomba mtoto wa mbwa. Akapewa dume la rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kuanzia siku hiyo, mwanamke akiuliza habari za Alfred, Rozalia aligeukia upande wa pili akaita taratibu, "Hayawahusu, njoo baba, njoo ule."

Mjomba wake Saturnini alisafiri kutoka Nanganga kuja kumchukua. Kwao mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba alikuwa na maneno mengi.

"Mwanamke mmoja na mbwa mmoja, hiyo si kaya," alisema. "Binti yako Jenifa ameolewa Likunja, hapa umebaki na nani? Rudi nyumbani kwa mama zako."

"Mjomba, muhogo wangu haujakomaa."

"Na ukishakomaa?"

"Nitapanda mwingine."

Mjomba alikula, akalala, na asubuhi akaondoka na kuku mmoja kwapani, akicheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Alimjua mpwa wake. Rozalia alikuwa amehamishwa vya kutosha. Alivushwa mto Ruvuma akiwa tumboni, baba yake akikimbia kazi za lazima za Wareno, zile za shokoa. Akiwa mke mpya, nyumba yake ya kwanza ilibomolewa wakati wa operesheni ya vijiji, akaambiwa ajenge kando ya barabara, naye akajenga. Sasa alikuwa anaingia miaka hamsini, na ardhi aliyokanyaga ilikuwa imelowa jasho lake mwenyewe. Hakuona mtu wa kumwondoa.

Shamba lake lilikuwa la mwisho, ukingoni mwa pori. Hakuna shamba lililosikia nguruwe mapema kama lile. Toka muhogo unapoanza kujaza mpaka karanga zinapong'olewa, Rozalia alihamia huko, akakaa juu ya dungu lake la miti, mbwa akiwa chini. Nguruwe wakitikisa majani, yeye alipiga debe, na Hayawahusu alitoka kama jiwe la manati. Mbwa yule alikulia huko. Hakujua soko, hakujua mpira, hakujua mbwa wengine ila kwa harufu. Alijua debe na nguruwe, na uso wa Rozalia.

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, nguruwe waliongezeka kuliko watu walivyokumbuka. Majani yalikuwa marefu, maji yalikuwa mengi, kila jike lilitembea na msururu wa watoto. Kijiji kikafanya msako wa nyavu kama ilivyo desturi: wapiga madebe wanatoka mbali wakiwasukuma wanyama, nyavu za kamba za katani zinawangoja mbele, na pembeni mwa nyavu, nyuma ya vichaka, wenye mbwa wanasimama kimya. Nguruwe wakishajitia wavuni ndipo neno linatolewa na mbwa wanaachiwa. Kabla ya hapo, kimya. Mwaka huo mbwa mmoja alichomoka mapema. Kundi zima liligeuka likawarudia wapiga madebe, na dume moja likamchana mtu paja. Mtu yule alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Miezi michache baadaye mbwa mwenye kichaa akapita akang'ata watu kijiji cha pili.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti, Mzee Saburi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyembeba majeruhi mgongoni mpaka barabarani, akaoga damu yake. Akasimama akasema polepole.

"Mbwa asiyejua kukaa ni mbwa wa nguruwe, si mbwa wetu. Tunaye Afande Dominiko, amestaafu kikosi cha mbwa cha polisi, amerudi nyumbani kulima mikorosho. Amekubali kutufundishia mbwa wetu, kila Jumamosi, kiwanja cha shule. Msako unaokuja, bwana nyama wa wilaya atakuwepo na bunduki yake. Mbwa atakayevunja mstari hatarudi kijijini. Na mbwa asiyeletwa mstarini kabisa, huyo naye bwana nyama atamfuata nyumbani. Tumekubaliana?"

Watu wakasema wamekubaliana. Rozalia alimtazama mbwa wake, ambaye wakati huo alikuwa amejifunga kamba miguuni akijaribu kuwafikia mbuzi wa mwalimu.

Jumamosi ya kwanza alifika kiwanjani akiburutwa. Hakumleta mbwa, mbwa ndiye aliyemleta. Hayawahusu alipoona mbwa wenzake wamekusanyika, wengi kuliko alivyowahi kunusa, alilia kwa furaha, akasimama kwa miguu miwili, kamba ikamkaba, akakohoa, akalia tena. Kuku alipita. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi golini. Mama mmoja aliuza vitumbua. Kila kitu kilimwita, na yeye alitaka kuitika vyote kwa mara moja.

Afande Dominiko alikuwa mtu mwembamba, kofia imenyooka, filimbi kifuani. "Pangeni mstari," alisema. "Mbwa kushoto, mtu kulia. Nikisema kaa, mbwa anakaa."

Mzee Saburi alisimama wa kwanza, kamba ya mbwa wake ameifunga kwenye fimbo ndefu ili mate ya mbwa yasiguse kanzu. Akafuatia Beatrisi, jirani yake Rozalia ukuta kwa ukuta, na jike lake Mtachoka, jina ambalo Rozalia alijua limetungwa kwa ajili ya nani. Mtachoka alikaa kabla hajaambiwa.

"Kaa," akasema Afande.

Mbwa wakakaa, mmoja hivi, mwingine vile. Hayawahusu akaruka. Alizunguka miguu ya Rozalia mara mbili, akamfunga kamba, akamwangusha chini kifudifudi, kisha akasimama juu ya mgongo wake akiwabwekea wote, mkia ukienda huku na huku.

Kiwanja kizima kilicheka. Rozalia alisema kutoka chini, "Hayawahusu, shuka," na kicheko kikaanza upya.

"Mama Jenifa," akasema Beatrisi, akijifuta machozi, "huyo mbwa anakulinda au unamlinda?"

"Tunalindana. Wako anakulinda na nini, usingizi?"

"Wangu atarudi nyumbani siku ya msako."

Hilo halikuwa na utani ndani yake. Beatrisi mwenyewe alilisikia lilivyotoka, akatazama pembeni.

Rozalia alirudi na vumbi mdomoni. Akafikiri kama wanavyofikiri watu wote wa huko: mbwa akishindwa kazi, kuna kitu amepungukiwa, na kitu hicho kinachimbwa porini. Akaenda kwa Kipriani, fundi wa nyavu na kiongozi wa msako, mtani wake wa siku nyingi.

"Nataka dawa ya pua," alisema.

Kipriani alikuwa akisuka wavu mlangoni, kamba imeshikwa na kidole gumba cha mguu. "Ya mbwa au yako? Maana naona mnafanana kwa ukorofi."

"Ya mbwa. Yangu utanipa siku nikitaka kukufukuza wewe."

Kipriani alitwanga mizizi, akachanganya na pilipili kichaa na majivu, akamfungia katika jani. "Usimpe chakula tangu Ijumaa mchana. Mbwa mwenye njaa ana akili. Jumamosi kabla ya kutoka mpake puani. Ataona kazi tu, hataona kingine."

Ndivyo wawindaji walivyofanya tangu mababu, na mbwa wao walikwenda porini wakali kama moto. Hakuna aliyewahi kuuliza dawa ile itafanya nini kwa mbwa anayetakiwa kukaa tu.

Jumamosi ya pili ikawa msiba. Njaa ilimkata Hayawahusu matumbo, pilipili ilimwasha puani, na mbele yake palikuwa na vitumbua. Alipiga chafya, akalia, akasugua pua ardhini. Afande aliposema "kaa", mbwa alichomoka na kamba ikachubua viganja vya Rozalia. Alipita katikati ya mstari wote, kamba yake ikakusanya kamba za wenzake kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Mbwa wakarushiana meno. Mbwa wa Mzee Saburi alichanika sikio, mzee akaangukia fimbo yake, kanzu ikapata mate, damu na mchanga. Sinia la vitumbua lilikutwa mbali, jeupe, limelambwa.

Walipokwisha kuwatenganisha, Mzee Saburi alijifuta bila haraka. "Mama Jenifa, nakuheshimu. Lakini huyu umeshamwona mwenyewe. Usituletee tena. Msubirie bwana nyama nyumbani, mwache ale vizuri siku zilizobaki."

"Mwenyekiti, msako haujafika."

"Haujafika. Lakini huyu ameshavunja."

"Hapa hakuna nguruwe, mzee. Hapa kuna vitumbua. Kanuni ni ya msako. Mpaka siku hiyo mbwa huyu ana haki ya kufundishwa kama wa kwako, na mimi Jumamosi nitakuja."

Mzee Saburi alimtazama Afande. Afande alikuwa amechuchumaa, amemshika Hayawahusu taya, ananusa.

"Umempaka nini huyu?"

"Dawa."

"Na amekula lini?"

Rozalia akageuka kulitazama sinia tupu la vitumbua.

"Mama," akasema Afande, si kwa ukali, "kamwoshe pua kwa maji mengi. Halafu mlishe. Mwenye njaa hafundishiki, awe mbwa au mtoto wa shule. Mbwa wako si mkorofi. Ana macho mengi tu. Mbwa wa kijijini wameshaona kila kitu, hawana habari. Huyu ni mshamba, kila kitu kwake ni harusi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Kule kikosini mwenye macho mengi tulimwondoa tukachukua mwingine."

"Mimi sina mwingine."

Usiku kucha viganja vya Rozalia viliwaka moto. Asubuhi alimlisha mbwa ugali na vichwa vya samaki wakavu mpaka tumbo likawa ngoma, akakaa kumtazama. Mbwa alipomaliza aliinua uso, sikio moja juu na moja chini, akamtazama yeye tu. Rozalia akaona kwamba hapo uani mbwa anakaa vizuri, tena bila kuambiwa, kwa sababu hapakuwa na harusi. Beatrisi akapita nyuma ya ua na ndoo, na macho ya mbwa yakaondoka kama ndege. Rozalia akasogea akasimama kati ya mbwa na Beatrisi, gauni lake likaziba njia. Macho yakarudi. Hakuelewa sana, lakini alielewa kwamba ana mwili mpana na kwamba unaweza kuwa ukuta.

Jumamosi ya tatu aliondoka nyumbani mapema, akamzungusha Hayawahusu mpaka shambani na kurudi, ulimi ukining'inia. Alipofika kiwanjani hakwenda mstarini. Alikwenda nyuma ya vyoo vya shule, mahali ambapo mbwa wengine walisikika bila kuonekana, akafunga mfuko wa vichwa vya samaki kiunoni.

Afande akapiga filimbi. "Mama, mstari uko huku."

"Nauona, Afande."

"Sasa huko chooni unafundisha nini?"

"Nafundisha kukaa."

"Kila mtu anasimama mstarini. Ndiyo mafunzo."

"Afande, nikija huko nitakuharibia wanafunzi kumi ili nimfundishe mmoja. Wewe sema kaa kwa sauti, sisi tutasikia. Masikio anayo mawili, hata kama moja limelala."

Kicheko kilipita mstarini, ila safari hii hakikuwa juu yake. Afande aliivua kofia yake, akaitazama, akaivaa upya. Alikuwa mtu wa amri, na hapa alipewa amri na mwanamke aliyesimama chooni. Lakini alipaza sauti, "Kaa!" mpaka madirisha ya shule yakaitika.

Nyuma ya ukuta, Rozalia alimkabili mbwa wake uso kwa uso, ameinua kichwa cha samaki mbele ya pua yake mwenyewe. "Kaa, baba." Mbwa alisikia wenzake, akatetemeka, akageuza shingo. Rozalia alihamia upande aliogeukia. Akageuza tena, naye akahama tena. Mtu aliyepita kwenda haja alidhani wanacheza ngoma. Mwisho mbwa alichoka kuzungukwa, akatua makalio chini akamtazama. Rozalia akampa samaki kabla hajabadili mawazo.

Wiki zikaenda hivyo. Alipoona nyuma ya choo kumeshakuwa kwepesi, akasogea mpaka pembeni ya choo, ambapo mbwa aliona mikia tu. Baadaye akahamia kwenye mwembe wa kengele, halafu golini. Kila aliposogea mbwa aliharibu upya, akabweka, akajinyonga na kamba, naye alirudi nyuma kidogo bila kulalamika, kama mtu anayepunguza kuni chini ya chungu kinachofurika. Mama wa vitumbua alimzomea, naye akanunua kitumbua akampa mbwa. Watu walimwita Mwalimu wa Chooni. Aliitika.

"Huchoki?" Beatrisi alimuuliza siku moja, wameongozana njiani, Mtachoka akitembea kama bibi harusi.

"Si ndivyo ulivyomwita mbwa wako?"

Beatrisi alicheka kwa pumzi. Wakatembea kidogo. "Nilimpa jina lile nikiwa na hasira. Ulinitukana kwa huyo wako kila jioni, dada. Mimi kweli moto wangu ulikuwa umezimika siku ile."

"Siku moja tu?"

"Siku moja. Nyingine nilikuja kutazama."

Wakafika njia panda. Beatrisi akasema bila kumtazama, "Siku ya msako nitasimama karibu na wewe. Mtachoka ametulia. Labda wako ataiga."

"Simama," Rozalia alisema. "Lakini usinihurumie."

Jumamosi ya mwisho aliingia mstarini. Mbwa wote walikuwa kushoto kwa watu wao, watu wote wanatazama mbele kama askari, isipokuwa Rozalia. Yeye alisimama mbele ya mbwa wake, mgongo kwa kiwanja chote, uso kwa Hayawahusu. Afande akasema kaa. Mbwa wakakaa. Hayawahusu alitetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka, akakaa.

Walipigiwa debe. Alipitishwa mbuzi. Kila kitu kilichopita, Rozalia hakukiona. Alikiona ndani ya macho ya mbwa, kikiingia upande mmoja, naye akasogeza bega kukiziba kabla hakijafika katikati.

"Huo si msimamo," akasema Mzee Saburi. "Wote tunatazama mbele."

"Mbwa wangu yuko mbele yangu, mzee."

"Siku ya msako nguruwe watatokea huko mgongoni kwako. Utawapa mgongo nguruwe?"

"Nitawapa."

"Mama Jenifa, mimi nilimbeba mtu mwenye paja lililofunguka. Nilishika mfupa wake kwa mkono huu. Sisemi kwa kukuonea."

"Najua, mzee. Nami nilikuja kumwosha. Lakini hamkuniambia mbwa wangu akae huku mimi ninatazama wapi. Mliniambia akae. Amekaa."

Mzee Saburi alimgeukia Afande. "Kikosini nisingekubali," akasema Afande. "Lakini hapa si kikosini. Asimame anavyosimama. Akivunja, bwana nyama yupo."

Siku ya msako umande ulikuwa bado juu ya majani. Bwana nyama alikuja kwa baiskeli, bunduki mgongoni, mtu wa makamo aliyesalimia kila mtu kwa jina. Alimpapasa Hayawahusu kichwani na kusema ni mbwa mzuri, na Rozalia akatamani asingesema.

Kipriani aliwapanga. Nyavu zilifungwa kutoka kichaka hadi kichaka, zikafunikwa majani. Wenye mbwa wakaingia pembeni, bwana nyama nyuma yao. Beatrisi alisimama upande wa kulia wa Rozalia na Mzee Saburi kushoto, fimbo yake mkononi. Wote walitazama porini. Rozalia aligeuka akatazama kijiji.

"Mtani," Kipriani alinong'ona akipita, "pori liko huko."

"Lipo kila siku. Nenda kazini kwako."

Kukawa kimya. Kisha, kutoka mbali sana, madebe.

Hapo ndipo Rozalia alipogundua kwamba alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Kiwanjani debe lilikuwa moja, la Afande, lenye sauti ya shule. Haya yalikuwa madebe ya shamba, yanayopigwa kwa hasira na watu waliopoteza muhogo, na mbwa huyu alikuwa amelelewa chini ya dungu na sauti hiyo, na sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha: debe likilia, toka.

Hayawahusu aliinua makalio. Sikio lililolala likasimama.

Rozalia alipiga magoti. Hakuwa amefanya hivyo hata siku moja kiwanjani, lakini sasa uso wake ulikuwa sawa na uso wa mbwa, na pembeni yake hapakubaki nafasi ya kuona chochote. Hakusema kaa. Alishika kamba fupi, akapumua polepole, mpaka pumzi yake ikawa inaingia puani kwa mbwa, harufu ya ugali na ugoro na jasho la miaka. Madebe yakakaribia. Mbwa alilia kooni, kilio kidogo chembamba, na kushoto alisikia fimbo ya Mzee Saburi ikisogea kwenye majani, na nyuma ya mbwa alisikia chuma cha bunduki kikigusana na chuma.

Hakuinua macho.

Makalio ya mbwa yakashuka nusu, yakapanda, yakashuka.

Kisha ardhi ikaanza kuongea. Alizisikia kwato kupitia magotini kabla ya masikio. Nguruwe walikuwa wengi. Walikuja mgongoni kwake wakivunja vijiti, wakikoroma, na kila mtu mstarini alikuwa anawaona isipokuwa yeye. Beatrisi alinong'ona, "Mama Jenifa, inuka, wanapita karibu," na Rozalia akatikisa kichwa. Harufu yao nzito ikampita begani. Kitu kizito kiligonga kichaka alichokipa mgongo, majani yakamwagikia shingoni. Katika macho ya Hayawahusu aliwaona wote, weusi, wadogo, wakikimbia kutoka pembe hii ya jicho hadi pembe ile, na katikati ya jicho, mbele yao, palikuwa na uso wake mwenyewe. Mbwa alikuwa amekaa. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, mkojo ukamtoka, lakini alikuwa amekaa.

Wavu ukalia. Kipriani akapiga ukelele wa ruhusa, mrefu, na mbwa wote wakaachiwa.

Vidole vya Rozalia vilikuwa vimeganda kwenye kamba. Mtachoka ameshakwenda, mbwa wa mwenyekiti ameshakwenda, na Hayawahusu bado amekaa, anamtazama mwenye neno lake.

"Mama Jenifa," ilisema sauti ya Mzee Saburi kutoka juu, si ya mwenyekiti tena, "mwachie mwenzio. Ameshangoja vya kutosha."

Akaachia. Mbwa alimruka kichwani, kucha zikamkwaruza bega, akaenda. Rozalia alibaki amepiga magoti, ameupa mgongo msako wote, akisikiliza kila mbwa akibweka nyuma yake mpaka akaipata sauti ya wake kati ya nyingine. Bwana nyama alipita pembeni yake, anakimbilia nyavuni, bunduki ameielekeza kwa nguruwe.